Pombe ya Kuwapokea Wakwe

Wiki nzima jiko la Griffins huko Tottenham lilinukia maganda ya machungwa. Ndoo ya pombe ya ngano ilikaa pembeni, ikitoa povu na kukoroma kama mgonjwa wa pumu, naye Griffins akiipitia kila mara kama mama mwenye mtoto mchanga.

Alikuwa na sababu. Daisy, binti yake wa pekee, alikuwa ameposwa, na kwao Bungoma mkwe hapokewi kwa soda. Huwekewa chungu cha busaa, pombe ya nafaka, wazee wakakizunguka na mirija yao. Griffins alipoonjeshwa na Lorraine, mwenzake kazini, pombe ya Kibelgiji yenye mbegu za dania na maganda ya machungwa, aliona ina ukungu kama busaa, akaomba afundishwe. Lorraine alimfundisha, akamwonya asiitie kwenye chupa kabla haijatulia kabisa.

Wakwe walitarajiwa mwisho wa mwezi. Mara baba yake Solomon, mchumba wa Daisy, akapiga simu: wangekuja Jumamosi hiyo hiyo.

"Dad, bado inachemka," Daisy alisema, sikio lake likiwa juu ya kifuniko. "Tununue tu za dukani. Nobody will mind."

"Nitamind mimi! Mkwe aje kwangu nimpe pombe ya supamaketi? Tangu lini busaa ikangoja kutulia? Busaa hunywewa ikiwa hai."

"Baba Daisy," mkewe Emma akasema, "busaa iko kwa chungu, na chungu kiko wazi. Hii unaifungia kwa chupa."

"Mama Daisy, niachie kazi yangu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Griffins alijaza chupa, akatia sukari katika kila moja ili zitoe povu la kupendeza, akazikaza vizibo na kuzipanga katika kabati la boila, mahali penye joto, ziive upesi. Alilala usingizi wa mtu aliyeushinda ulimwengu.

Jumamosi wakwe walifika. Sala ikasaliwa, kuku akaliwa, vicheko vikatawala. Griffins alijiona amekuwa mzee kamili.

"Daisy, mama, tuletee kile kinywaji chetu."

Daisy aliondoka na kitenge chake kipya, akafungua kabati, akainama. Chupa ya kwanza, gesi ikiwa imeijaa, ilipasuka mkononi mwake. Ya pili ikapasuka kwa kishindo cha ya kwanza, kisha nyingine, na katikati ya mlio wa vigae kikasikika kilio ambacho baba yake hatakisahau mpaka kaburini. Alipomfikia, Daisy alikuwa amefunika uso kwa viganja, damu na pombe vikichuruzika pamoja hadi kwenye viwiko.

Hospitalini madaktari walijitahidi, lakini jicho la kushoto halikuokoka. Baba yake Solomon alisimama na Griffins ukumbini, macho chini. "Tulikuja kuchukua binti mzima, Mzee," alisema.

Solomon hakubanduka kando ya kitanda cha Daisy. Griffins alipokaribia, Daisy alinusa machungwa katika nguo zake, akageukia ukuta.

"Dad, nenda nyumbani," alisema kwa sauti ndogo.

Alikwenda. Aibu ilimtafuna, na huzuni ikamtafuna zaidi, kwa kuwa alimpenda mwanawe kuliko roho yake, na kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemharibia siku yake na uso wake.

Majuma yalipita. Siku moja Emma alimwambia aiondoe ile ndoo jikoni, maana siku ile ya kujaza chupa zilikuwa zimemwishia na pombe kidogo ikabaki chini, ikasahauliwa. Griffins alifunua kifuniko. Povu lilikuwa limekwisha. Pombe ilikuwa imetulia tuli, rangi ya dhahabu, harufu yake nzuri ajabu. Ilikuwa tayari, na haikuhitaji chochote ila kungojwa.

Hakuonja hata tone. Aliimwaga yote kwenye sinki huku akilia kwa kwikwi, peke yake, akijua sasa kwa uchungu kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.