Ncha ya Zimwi

Sogeeni, na mnaocheka endeleeni tu. Ndiyo, nimejikata kidole gumba nikijaribu kisu cha kumenyea viazi, mimi mzururaji wa bandari zote! Mize asingejikata.

Mize alikuwa fundi wa kuchora nakshi kwenye bangili za fedha. Asubuhi moja zimwi liliinama mlangoni pake, likamtupia kalamu ya chuma.

"Ninolee, fundi. Nguvu zangu zote zimo humu. Nikimchora mtu jina langu kwenye paji la uso, huwa mtumwa wangu milele. Ikipata makali, naanza na wewe. Ukikataa kunoa, nakutafuna."

Mize akanoa, maji ya kinoo yakageuka damu. Zimwi likajaribu ncha kwenye ukucha wa Mize. Ikateleza.

"Butu! Noa!"

Akanoa. Ikateleza tena.

"Butu! Noa!"

Mara ya tatu Mize akafanya anachokatazwa kila mwanagenzi: akaichonga ncha ikawa nyembamba kama unywele. Ncha ya namna hiyo hunasa ukucha vizuri, lakini haivumilii kukandamizwa.

Ikanasa. Zimwi likacheka, vyungu vikapasuka. Likamkaba Mize koo, likakandamiza kalamu kwenye paji lake. Damu ikatiririka machoni. Ncha ikafika mfupani, na tik! Ikakatika.

Zimwi likasinyaa likawa kama mbuzi, likawa kama paka, likawa kama panya.

"Mama," likalia miguuni pake, "ninolee tena, mara moja tu."

"Nimeshafunga duka," akasema Mize.