Paa na Tope la Mtoni

Paukwa!

Pakawa!

Nani hakuitikia? Wewe baba uliyeegemea ukuta, hadithi hii ni yako pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama walipocheza mpira na sisi watu tukawa watazamaji tu, palikuwa na nyika moja kubwa. Upande wa chini palikuwa na mto na tope jeusi. Upande wa juu palikuwa na milima, mawe na vumbi jekundu. Nyika ilikuwa moja. Jua lake lilikuwa moja. Lakini timu ya vijana ya nyika nzima ilichaguliwa mtoni peke yake.

Aliyechagua ni Mwalimu Kiboko. Msaidizi wake alikuwa Kenge. Kila mwaka, kabla ya mechi na nyika ya jirani, vijana walijipanga foleni ukingoni mwa mto. Kenge alipita akiwalamba miguu kwa ule ulimi wake mrefu, huku akiimba:

Inua mguu, nione tope.
Tope jeusi, pita.
Vumbi jekundu, rudi.

Ukimuuliza Kiboko kwa nini, alikujibu bila haraka. "Mpira ni tope. Sisi wa mtoni tumezaliwa nao. Wale wa milimani wanajua kurukaruka mawe tu." Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda milimani hata siku moja. Tumbo lile lingepandaje?

Sasa huko milimani alikuwako Paa. Mdogo, miguu myembamba, na chenga za kumwacha beki ameshika kiuno. Alijifunza mpira juu ya mawe pamoja na rafiki yake Pimbi. Juu ya mawe ukikosea unavunjika mguu, kwa hiyo hawakuzoea kukosea. Paa alipiga, Pimbi alidaka. Paa alipenda pembe ya kushoto, chini kabisa. Pimbi aliijua pembe ile kama mlango wa pango lake. Pu, amedaka. Pu, amedaka. Tangu utoto wao, Paa hakuwahi kumfunga Pimbi upande ule.

Mwaka huo bibi yake Paa alimwita. "Mjukuu wangu, mama yako alikuwa na miguu kama hii. Alirudishwa. Mjomba wako alirudishwa. Wewe hutarudishwa."

Akafungua jani pana. Ndani mlikuwa na tope jeusi, aliloliagiza kwa siri kutoka mtoni. Akampaka Paa miguu yote, akapanda mpaka magotini.

"Ukiulizwa, sema umezaliwa kwenye matete," bibi akasema.

Akamwita na Pimbi ampake. Pimbi akarudi nyuma.

"Ahsante bibi, lakini hapana. Nikishapakwa, atakayedaka ni nani? Mimi au tope?"

Basi Paa akashuka peke yake.

Akafika, akasimama kwenye foleni. Kenge akaja. Inua mguu, nione tope. Ulimi ukagusa. Ukatulia. Ukagusa tena. Paa aliacha kupumua. Kenge akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

"Pita," akasema.

Paa akapita. Lakini toka siku ile hakuwa na raha. Mazoezini alicheza vizuri, tena vizuri mno, ila je, wewe umewahi kucheza mpira huku unailinda miguu yako isiguse maji? Wenzake wakienda kuoga, yeye anaumwa tumbo. Wingu likitanda, yeye anatafuta mti. Jua likiwaka ndiyo balaa zaidi, maana tope likikauka hupasuka. Kila siku alijificha kwenye matete akajipaka upya, anapaka na kuangalia nyuma, anapaka na kuangalia nyuma. Akakonda. Na wewe mdogo unayecheka hapo, ungekuwa wewe ungejipaka mpaka masikio.

Ikafika siku ya mwisho ya mchujo. Watu wa mtoni wote walijaa. Jua likawa kali. Kiboko akasimama kuhutubia kabla ya kuitaja timu, na hotuba za wakubwa mnazijua. Alianza na babu yake. Akaja kwa baba yake. Paa akasikia miguu inambana.

Ka. Kipande cha tope kikadondoka. Paa akauficha mguu ule nyuma ya mwingine. Ka. Akauficha na huo. Ka. Miguu ya kufichia ikaanza kumwishia, na Kiboko bado yuko kwa baba yake.

Hapo ndipo Pimbi alipotokea. Mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kujaribiwa. Mimi ni golikipa."

Kenge hakuhitaji hata kulamba. Akaimba tu kwa mbali: vumbi jekundu, rudi. Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akageuka.

"Paa, mtoto wa matete. Wewe unamjua huyu?"

Pimbi akamtazama Paa. Paa akatazama chini. Akaona kipande kingine cha tope kinaning'inia gotini.

"Simjui, Mwalimu."

"Ni kweli," Pimbi akasema taratibu. "Hatujuani."

Kiboko akapangusa machozi ya kicheko. "Haya, isije ikasemwa tunaonea. Simama golini. Vijana wangu wapige."

Akapiga Kambale. Huyu alikuwa winga, naye kila mara aliomba ruhusa arudi majini apumue. Pu, Pimbi akadaka. Akapiga Chura. Pu. Akaja Ngiri, mshambuliaji, tope limemjaa mpaka kwenye meno, akaachia kombora. Pu. Kiboko hakucheka tena.

"Paa. Maliza kazi hii. Ukikosa, nitajua nilikosea kukuchukua."

Paa akaweka mpira chini. Moyo du, du, du. Aliwaza kulia, akawaza juu, akawaza katikati. Lakini mtu akiogopa, mguu hufanya ulichozoea. Mguu wa Paa ukapiga pembe ya kushoto, chini kabisa.

Pimbi akaruka upande wa pili.

Mpira ukaingia wenyewe, polepole, bila mtu wa kuuzuia. Mto mzima ukalipuka kwa vigelegele.

"Mmeona?" Kiboko akanguruma. "Tope limelishinda vumbi. Nimesema siku zote, milimani hakuna mpira."

Pimbi akajikung'uta, akaanza kurudi kwao bila kugeuka. Paa alibaki amesimama. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Pimbi angeweza kuudaka mpira ule akiwa amefumba macho. Ameuacha ili yeye asirudishwe. Na yeye amesema hamjui. Paa akaona aibu, aibu ile ya kumfanya mtu atamani kufukiwa.

Akatembea mpaka mtoni. Paa huogopa maji, mle mna mamba. Lakini aliingia. Chubwi. Akajisugua mguu wa kwanza, akajisugua wa pili, akaisugua yote. Tope jeusi likaenda na maji. Chini yake likabaki vumbi jekundu la milimani, lile lililokwisha kuingia ndani ya manyoya.

"Mwalimu, mimi ni wa milimani. Pimbi ni rafiki yangu tangu tunanyonya, na bao lile amenipa. Kama unalotaka ni tope, lile linaelea pale. Lichukue likacheze."

Mdomo wa Kiboko ukawa wazi, na mdomo ule ukiwa wazi unaona mpaka chakula cha jana. "Kenge, mtoe."

Kabla Kenge hajasogea, kikasikika kishindo. Chubwi. Ni Ngiri. Ngiri ambaye kila mtu alijua amezaliwa topeni. Akajigaragaza majini, akainuka mwekundu. "Na mimi," akasema. Chubwi. Nungunungu, beki wa kati. "Na mimi." Chubwi. Chubwi. Maji ya ukingoni yakawa mekundu. Waliobaki nchi kavu wakawa Chura na bata wawili wanaogombana. Kambale alikuwa ameomba ruhusa.

Kiboko akamgeukia Kenge. "Huo ulimi wako una kazi gani?"

"Ulimi ulijua, Mwalimu," Kenge akajibu. "Umejua miaka yote."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniambia unataka kuona tope. Nikakuonyesha tope. Na kushinda ulikuwa unapenda, na waliokushindia ndio hawa."

Kiboko akakaa chini, pwaa. Akakaa hivyo mpaka jua likageuka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwiteni yule golikipa."

Mchujo ukaanza upya, mahali ambapo tope hukutana na vumbi. Wakaitwa wa milimani, wakaitwa na wa tambarare ya mbali wenye vumbi la kijivu. Miguu haikulambwa. Paa akaweka mpira mbele ya goli, Pimbi yuko katikati.

"Kushoto?" Pimbi akauliza.

"Kushoto."

Akapiga. Pu. Amedaka. Wakacheka wote wawili.

Kiboko akaanza kutaja. Golini, Pimbi. Mbele, Ngiri. Akataja, akataja, na Paa akasubiri. Nafasi yake ikaenda kwa Swala wa tambarare, aliyekuwa akirudishwa kila mwaka, naye kweli siku ile alicheza kumshinda. Paa akatajwa wa mwisho kabisa, mchezaji wa akiba. Iliuma. Nisiwadanganye, iliuma sana, maana alitaka kucheza.

Wakaondoka kwenda nyika ya jirani, timu ya nyika nzima. Njiani wingu likatanda. Mvua ikaanza, ta, ta, ta, kisha ikamwagika. Wote wakaendelea kutembea. Paa akatembea pamoja nao, maji yakimchuruzika miguuni, wala hakutafuta mti.

Wakubwa kwa wadogo, mafunzo ndiyo haya. Anayechagua mchezaji amtazame anavyocheza, asimuulize kwao ni wapi. Akichagua kwa tope, atapata tope, na wenye vipaji atawafundisha uongo. Na wewe uliyeambiwa ufiche kwenu ndipo upite, aibu si yako, ni ya aliyeweka mlango huo.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo, mvuani. Aliyelowa akajikaushe kwao.