Ukili wa Mwanatumu

Sogeeni jamani, na mwenye usingizi akalale, hadithi yangu haipendi wanaosinzia.

Mwanatumu alikwenda msituni kukata ukindu, akamwacha mama yake mgonjwa amelala sakafuni. "Utasuka nini, mwanangu?" mama aliuliza. "Nitajua huko huko."

Zimwi likamkamata, likamfungia pangoni na mzigo wa ukindu usiopungua. "Suka. Ukimaliza, mlango utafunguka wenyewe."

Akasuka ukili, utepe mrefu wa ukindu. Zimwi likaja: "Unasuka nini?" "Nasuka tu." Ukili ukazunguka pango, nywele zake zikaingia mvi. Likaja tena: "Unasuka nini?" "Nasuka tu." Ukili ukamfika magotini, mgongo ukapinda. Jamani, ukili wa namna hiyo utakwisha lini?

Likaja mara ya tatu, likicheka: "Unasuka nini, bibi?"

Kusikia anaitwa bibi, Mwanatumu akaitazama mikono yake, akalia. "Nasuka mkeka," akasema, "mama yangu asilale sakafuni." Akapima ukili kwa kimo cha mama yake, akaukata, akashona. Alipofunga uzi wa mwisho, mlango ukafunguka.

Akajikongoja hadi nyumbani, ambako zilikuwa zimepita siku tatu tu. Akatandika mkeka, akamlaza mama yake juu yake. Mama akaupapasa, akamtazama yule mgeni mwenye mvi.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Ahsante sana. Huko ulikopita, hukumwona binti yangu?"

Hadithi naiacha hapo. Alijibu nini, msiniulize.