Zimwi Lililokula Moto Usio na Kazi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Aliye karibu na mlango avute mkeka, upepo usimpige. Shaweji, mwache mwenzio aegemee, ukuta huo si wako peke yako. Na mmoja wenu akazime taa ya chumbani. Inamwangazia nani mle, na sisi sote tuko hapa?

Haya. Nyamazeni sasa. Nataka kimya mpaka nisikie jiko langu linavyopoa.

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Tena.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemkuyu, chini ya kilima chenye msitu. Msitu ulikuwa unafika hadi nyuma ya nyumba. Mtu akitaka kuni ananyoosha mkono tu, na chemchemi inatiririka mchana na usiku.

Siku hizo kibiriti hakikuwapo. Moto ulizunguka nyumba hadi nyumba. Mwanamke akiona jiko lake limezimika, anachukua kigae cha chungu kilichovunjika, anakwenda kwa jirani kupalia moto. Anapewa makaa mawili matatu, na maneno mawili matatu, anarudi kwake kupika. Hakuna aliyeona haya.

Siku moja Bi Mashavu, mke wa jumbe, alikwenda na kigae chake kwa jirani yake Mwanjaa. Huyu Mwanjaa alikuwa na mtoto mmoja wa kike, jina lake Kidawa. Mwanjaa alikuwa mtu wa utani, mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Basi alipomwona mke wa jumbe ameshika kigae, na wanawake wamejaa pale uani wanatwanga, akasema:

"Kumbe hata meko ya jumbe hulala na njaa."

Wanawake walicheka, mmoja akaacha mchi akakaa chini. Mwanjaa mwenyewe alishasahau, akampa makaa mazuri yaliyoiva. Lakini Bi Mashavu hakusahau. Alipofika kwake alikoka moto, kisha akakipiga kile kigae kwenye figa kikavunjika vipande. Akaapa kwamba moto wake hautazimika tena, na kwamba hakuna mtu atakayemwona akiomba.

Basi moto wa Bi Mashavu ukawaka asubuhi, ukawaka mchana, ukawaka jioni. Chungu kikiwepo unawaka, chungu kisipokuwepo unawaka. Watu wote wako shamba, unawaka.

Wenzake wakauona ule moshi. Nao wakaona aibu kuonekana na vigae mkononi. Kila nyumba ikawa na moto wake, unawaka asubuhi, unawaka mchana, unawaka jioni, haupiki kitu. Hata Mwanjaa aliwasha wa kwake. Hakutaka asemwe yeye.

Siku moja, wakati wa jua kali, kitu kidogo kilikuja kikakaa mlangoni kwa Bi Mashavu. Kilikuwa kidogo kama kuku aliyenyeshewa, kimejikunyata, kinatetemeka. Kikaimba hivi, nanyi mnisaidie:

*Moto, moto, unampikia nani?*
*Kama humpikii mtu, nipe mimi,*
*nina baridi tumboni.*

Bi Mashavu akatazama jiko lake. Chungu hakikuwepo. Akasema haumpikii mtu, unawaka tu. Tena moyoni alifurahi, maana sasa ni yeye aliyekuwa anaombwa. Akakiambia kile kitu kijilie mpaka kishibe, hata hataona upungufu.

Kikafungua mdomo, kikaumeza moto wote, fyuu. Bi Mashavu akatia kuni nyingine. Kile kitu kikaondoka kikubwa kama mbuzi.

Lilikuwa zimwi, wanangu. Lakini zimwi likiwa dogo nani anayelijua?

Likaenda nyumba ya pili, likaimba. Likaenda nyumba ya tatu, likaimba. Kila penye moto usio na kazi, likala. Likawa kubwa kama ng'ombe. Likawa kubwa kama ghala la mahindi. Na kadiri lilivyokua, kuni zikaliwa. Msitu ukahama kutoka nyuma ya nyumba, ukapanda kilimani. Wanawake wakaufuata. Kuni za karibu zikawa za mbali, za mbali zikawa za safari. Mvua ikinyesha, udongo unashuka na maji mekundu. Chemchemi ikawa nyembamba kama mkia wa panya. Ikabaki miti ile michache tu inayoizunguka, mikuyu ya wazee, ambayo hakuna aliyeigusa.

Basi siku moja Mwanjaa na Kidawa walikwenda kuni, mbali, nyuma ya kilima. Mama akawa anafunga tita lake, mtoto anaokota vijiti pembeni. Zimwi likatokea. Likamchukua Kidawa kama mtu anavyochukua ndizi, likampandisha begani.

Mwanjaa alilia, alipiga magoti, akalitajia kila kitu alichonacho. Zimwi likamsikiliza mpaka mwisho. Kisha likasema:

"Moto wenu siku hizi ni mdogo, na mimi nina tumbo kubwa. Kesho jua likiegemea kilima nitashuka kijijini. Nataka moto usio na kazi, wa kunishibisha. Nikiukosa, hata mtoto ana joto."

Likaondoka na Kidawa begani.

Wanakijiji wakakutana kwa jumbe. Hapakuwa na maneno mengi. Jumbe akasema mtoto ni mtoto, hakuna njia nyingine, wakate mikuyu ya chemchemi wawashe moto mkubwa, zimwi lijilie. Watu wakachukua mashoka. Na aliyetangulia mbele alikuwa Mwanjaa. Mtamlaumu? Mwanawe ndiye aliyechukuliwa.

Alifika penye mkuyu wa kwanza, akainua shoka. Kivuli cha ule mti kilikuwa juu ya maji, na maji yalikuwa yale machache. Akasimama hivyo, shoka liko juu. Akaanza kufikiri: leo litakula mikuyu, liwe kubwa kuliko kilima. Keshokutwa litataka nini? Na huyo Kidawa akirudi, atakunywa nini?

Hapo akakumbuka jambo. Kuna siku zimwi lilipita kwake akiwa amechemsha maharage. Lilitia mkono jikoni, likautoa haraka, likawa linapuliza vidole. Likakaa kusubiri. Alipoepua chungu tu, ndipo likaula ule moto. Kumbe moto wenye kazi uliliunguza.

Akateremsha shoka. Akawaambia wenzake wasimlishe huyu mgeni, wamnyime. Nyumba zote zizime moto. Ubaki mmoja tu kijijini, na juu yake kusikosekane chungu. Kikitoka hiki kinaingia kingine.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza, na moto ukishazimwa, keshokutwa nani atakwenda kuomba kwa nani? Wote wakageuka kumtazama Bi Mashavu.

Bi Mashavu akasema, "Siku ile mlinicheka. Leo mnataka nizime. Zimeni ninyi."

Akaenda zake.

Mwanjaa alikwenda nyumbani. Akamwaga maji kwenye jiko lake mpaka likanyamaza. Akaokota kigae kwenye jaa, akakifuta kwa upindo wa kanga, akavuka uwanja mzima huku watu wanamwona. Akafika mlangoni kwa Bi Mashavu, akapiga magoti.

"Bi Mashavu, dada yangu. Meko yangu yamelala na njaa. Naomba moto."

Bi Mashavu alikitazama kile kigae. Alikitazama mpaka wanawake waliosimama nje wakaanza kuondoka. Halafu akainama, akachagua kaa moja zuri, akaliweka kigaeni. Akauliza:

"Na maharage yako umeyaloweka, au ndiyo utayapika makavu umalize kuni zote?"

Mwanjaa akasema hajaloweka.

"Kaloweke basi. Na umpe yule wa nyuma yako kaa hilo asogeze, mimi sina mikono ya kijiji kizima. Ah, hapana. Rudisha. Kesho tutapikia hapahapa kwangu, wote."

Basi usiku ule kila mtu aliloweka. Asubuhi wakayasogeza mafiga ya Bi Mashavu karibu karibu, wakayazungushia udongo, moto usitoroke kwa pembeni. Wakapasua kuni nyembamba, kavu. Kila chungu kikapewa kifuniko chake. Na Bibi Nyange, ajuza wa kijiji, akaleta kapu kubwa la ukindu. Akaonyesha walilofanya mama zake: chungu kikishachemka vizuri, epua kikiwa bado kinatokota, kitie kapuni, kizungushie majani makavu ya mgomba, funika na matambara mpaka juu. Chakula kitaiva chenyewe. Vijana wakacheka. Bibi Nyange akawaambia wataomba mchuzi.

Jua likaegemea kilima. Zimwi likashuka, Kidawa begani. Kule juu mtoto aliziona paa za nyumba zote kama vifuniko vya vyungu.

Zimwi likafika nyumba ya kwanza, likaimba:

*Moto, moto, unampikia nani?*
*Kama humpikii mtu, nipe mimi,*
*nina baridi tumboni.*

Hakuna moto. Jiko limefagiliwa. Zimwi likatetemeka, likapungua. Kidawa akaona paa zinasogea.

Likafika nyumba ya pili, likaimba. Hakuna moto. Likapungua tena. Sasa paa zilikuwa sawa na macho ya Kidawa.

Likafika nyumba ya tatu, kwa Bibi Nyange. Pale likanusa. Harufu ya maharage, na joto kidogo. Likaingiza pua kwenye kapu, likapekua majani, likaona chungu kinapumua. Moto haupo. Likauliza kwa hasira moto uko wapi.

"Umeshamaliza kazi, umeondoka," akasema Bibi Nyange. "Nirudishie majani yangu, unaingiza baridi."

Zimwi likapungua, likawa kama mbuzi. Miguu ya Kidawa ikagusa ardhi. Lakini lilikuwa bado limemshika mkono, na meno yake yalikuwa yaleyale.

Likasikia moto unalia kwa Bi Mashavu. Likamburura mtoto likaenda mbio. Likakuta moto mdogo, na juu yake chungu. Likatia ulimi, likaungua. Likakaa chini, likasema:

"Nitangoja. Mtaepua tu."

Mwanamke wa kwanza akaepua, wa pili akateleka. Wa pili akaepua, wa tatu akateleka. Zimwi linangoja, linatetemeka, linapungua, lakini mkono wa Kidawa haliuachi. Mwisho kikabaki chungu cha Mwanjaa, na nyuma yake hapana mtu. Kikachemka. Maji yakaanza kukauka. Kikiachwa kitaungua, kikiepuliwa moto utabaki hauna kazi. Zimwi likatabasamu. Mwanjaa akamtazama Bi Mashavu.

Wanangu, huyu ni mwanamke aliyeapa. Moto wake ulikuwa haujalala tangu siku ile ya kucheka.

Bi Mashavu akasema, "Epua, Mama Kidawa."

Mwanjaa akaepua. Zimwi likafungua mdomo. Lakini Bi Mashavu alishapiga magoti. Akachomoa ukuni wa kwanza, akausugua mchangani. Akachomoa wa pili, akausugua. Akachomoa wa tatu, akausugua. Akavuta majivu kwa mikono yake miwili, akayafunika makaa taratibu, kama mtu anavyomfunika mtoto shuka. Moto ukalala. Haukufa, ulilala kule chini, wa kupikia uji wa asubuhi.

Zimwi likauma hewa. Ilikuwa baridi tupu. Likapungua kama kuku, likapungua kama panya, vidole vyake vikashindwa kuuzunguka mkono wa Kidawa. Likapungua likawa nyenje, likaruka, likajificha kwenye ufa wa jiko.

Kidawa hakulia. Aliuliza kama maharage yameiva. Wakafungua kapu la Bibi Nyange, na yalikuwa yameiva, laini, moto wa kuunguza ulimi. Vijana wale waliocheka waliomba mchuzi. Bibi Nyange akawapa, lakini wa mwisho.

Tangu hapo Kwemkuyu moto ukarudi kuzunguka. Msitu haukurudi upesi. Mti hauitwi ukaja. Waliotembea mbali kutafuta kuni waliendelea kutembea mbali kwa miaka, na Mwanjaa alizeeka kabla kivuli hakijafika nyuma ya nyumba yake. Lakini mikuyu ilibaki, na chemchemi ikanenepa kidogo kidogo.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ufa wa jiko. Na funzo lake ni hili: kitu kinachowaka bila kumtumikia mtu, kinamlisha mwingine usiyemjua, na huyo hashibi. Kikimaliza kazi, kizime. Ukikosa, omba kwa mwenzio, naye akikosa aombe kwako.

Kidawa alirithi kigae cha mama yake. Watoto wa Bi Mashavu walirithi jiko lililozungushiwa udongo. Kapu la Bibi Nyange lilirithiwa na kijiji kizima, mpaka ukindu wake ukaisha wakasuka lingine. Zimwi lilirithi ufa, na jioni kama hii mnalisikia linalia kwamba lina baridi. Nanyi wajukuu zangu, mmerithi swichi ya ukutani. Haya, nani ameacha taa ya uani inawaka?