Gogo la Pili

Nipokeeni!
— Tumekupokea!
Nikiongopa je?
— Ongopa vizuri!

Palikuwa na kijiji milimani, na mto, na magogo mawili yaliyolazwa sambamba juu ya mto. Mawili, jamani. Kila moja lilitosha kumvusha mtu na mzigo wake. Mnacheka? Hata Mwalimu Righa, mgeni wa pale, alichanganyikiwa. Akawaambia wanafunzi wake, "Someni habari za madaraja. Ulizeni. Kisha andikeni."

Wakasoma. Kitabu kikasema mto mmoja, daraja moja.

Wakauliza. Mghoi, binti mwenye maswali kuliko wote, akamwendea babu yake. "Babu, mbona magogo ni mawili?"

"Kaniletee maji," babu akasema.

Akamwuliza baba yake, Nyambu. Baba akatazama mbingu, akasema mvua inakuja. Mghoi akavuka hadi kwa Bibi Saru, mama wa mama yake, mkunga wa kijiji. "Bibi, mbona ni mawili?" Bibi akakohoa, akakohoa, akaingia ndani.

Mghoi akarudi kichwa kinamzunguka. Basi wakaandika: gogo la pili halina kazi. Wakawasomea wazee. Wazee wakatazamana, kisha wakatazama miguu yao. Ninyi mngeelewa nini? Gogo likabebwa, likawa benchi la shule.

Haya. Mama yake Mghoi akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Nyambu akatoka mbio kumwita mkunga. Bibi Saru naye alikwisha kusikia, katoka mbio upande wake. Wakakutana katikati ya gogo.

Wakasimama. Kila mmoja akageuza uso.

"Pishaneni basi!" wakasema Mghoi na watoto waliokuwa ukingoni.

Kupishana pale ni kukumbatiana, na mkwe hamkumbatii mama mkwe hata mto ukauke.

"Rudi wewe, baba," Mghoi akasema.

"Siwezi."

"Basi rudi wewe, bibi."

"Siwezi."

Aliyetoka kwa ajili ya uzazi harudi nyuma. Kwao ni kumfungia mtoto njia.

"Kwa nini?" Mghoi akauliza. "Kwa nini hamwendi?" Nyumbani mama akalia, na Mghoi akaogopa kweli kweli. Akatazama mgongo wa baba. Akatazama mgongo wa bibi. Akatazama ukingoni, mahali ambapo gogo la pili lililala zamani, majani bado yamebonyea.

Akakimbia shuleni. "Inukeni!"

Benchi likabebwa, likasukumwa, likalazwa mahali pake. Bibi Saru akajifunika kanga usoni, akahamia gogo lake, akapita. Mtoto akatoka mzima, msichana, akalia kwa hasira.

Bibi akanawa mikono, akamwita Mghoi. "Mambo ya ukwe tuliona haya kukwambia, mjukuu wangu. Haya yetu ilikaribia kumwua mama yako."

"Na mimi, bibi, nilidhani nisichojibiwa hakipo."

Mghoi akafuta alichoandika, akaandika upya: gogo moja la kuvuka, la pili la heshima. Mwalimu Righa akasoma, akasoma tena, bado anakuna kichwa.

Na watoto wa shule ile mpaka leo husoma wamesimama. Ukiwauliza mbona hamna benchi, watakujibu mpaka uchoke.

Ngano yangu nimeiacha ng'ambo ya mto. Anayeitaka avuke, ila aulize kwanza gogo lipi.
— Tumevuka!