Mahali Ulipolala Mshahara wa Fundi Sufiani

Mshahara mnono hulala kwa mwenye nyumba. Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu anayetaka kuhama mji, nanyi mkataka kujua nimeutoa wapi msemo huo. Kwanza kitendawili. Nalala tumboni mwake, naye anakula mfukoni mwangu. Mmeshindwa? Nipeni mji. Dar es Salaam? Haya, nimekwenda, nimerudi. Jibu ni chumba cha kupanga.

Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa darasa la nne, tunakaa Tanga, Barabara ya Kumi na Moja, nyumba moja na Fundi Sufiani, mshona kanzu. Mimi sikuamshwa na jogoo, niliamshwa na cherehani yake. Kodi alilipa mwezi kwa mwezi, na kazi ikipungua mwenye nyumba alimngoja. Nia yake ilikuwa moja tu: apate chumba cha pili, amlete mama yake, Bi Mwanamvua, aliyebaki peke yake Pangani na macho yanaanza kufifia.

Alikuwa akidunduliza hivyo hivyo, mara akaitwa kazi Dar es Salaam, kwa mshahara mara tatu ya alichopata Tanga.

"Na vyumba huko bei gani, fundi?" mama yangu akamwuliza.

"Mama Tunu, chumba ni chumba," akajibu, huku anafunga cherehani kwa kamba.

Kufika kule, kila mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye akataka chake. Sufiani akaishia kuchangia chumba kimoja na mafundi wenzake watatu. Mwaka ukiisha, kodi inapanda. Kila Idi alimwandikia mama yake: bado kidogo.

Mwaka wa tatu Bi Mwanamvua akachoka kungoja, akapanda basi. Akakuta magodoro manne, ukuta kwa ukuta. Mama mtu mzima utamlaza wapi hapo? Mwenye nyumba, mtu mstaarabu, akasema, "Bibi atalala kwangu."

Asubuhi Sufiani akaenda kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala vizuri. Na mshahara wako nimeuona."

"Umeuona wapi?"

"Humo ndani. Umetandikiwa zulia, unapepewa na feni. Umenenepa huo, hata mimi nisiyeona vizuri nimeuona. Aliyekonda ni wewe."

"Lakini mama, Tanga kazi chache."

"Chache, ndiyo. Ila ulichopata ulilala nacho. Huku mshahara mnono hulala kwa mwenye nyumba."

Sufiani akaenda kuhesabu akiba yake. Akiba aliyoiweka kwa kodi ya mwaka uliofuata, fungu lake tu la chumba cha watu wanne, ilimtosha kupanga vyumba viwili Tanga na kununua kitanda cha mama.

Wakarudi uani kwetu. Kanzu zilikuwa chache, na miezi mingine walikula muhogo mchana na jioni. Macho ya Bi Mwanamvua yalizimika kabisa, lakini yalizimika akiwa kwa mwanawe. Alikaa mkekani karibu na cherehani, akipapasa mishono kwa vidole, na akisikia imekwenda kombo anamwambia, "Fumua." Natamani niisikie tena sauti ile.

Na kijana yeyote akipita akisifu mishahara ya Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, bibi alimwita, akamwuliza taratibu vyumba huko ni bei gani. Akiona kijana anababaika, anamwambia: mshahara mnono hulala kwa mwenye nyumba.