Ndugu Wawili na Mvua ya Bondeni

Ndugu zangu waumini, sogeeni mbele kidogo, na wale walio barazani wapate pa kukaa. Leo nina mfano mmoja, nao si wa kuchekesha. Nivumilieni.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeishi pwani, kazi yake kukausha dagaa. Tumwite Mbaruku, tusije tukapotezana njiani. Mbaruku alikuwa na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, tumwite Hatibu. Huyu alibaki kwao bara, bondeni, akilima mpunga kando ya mto. Walipendana hao! Hatibu akivuna, mchele mpya unateremka pwani. Mbaruku akianua dagaa, fungu zuri linapanda bara.

Kisha mama yao akafariki. Mbaruku akapelekewa habari, akapanda basi, basi likaharibika njiani. Kule bondeni jua linashuka, watu wanasema maiti asicheleweshwe. Hatibu akazika. Mbaruku alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshamwagiwa maji. Hakulia. Alimwambia mdogo wake neno moja tu: "Umeninyima uso wa mama." Akageuka, akarudi pwani.

Mnaliona jambo hilo? Hapakuwa na mwizi pale, wala mwongo. Mmoja alifuata dini, mwingine aliumia. Lakini tangu siku ile simu zikakatika. Mchele haukuteremka, dagaa hawakupanda. Miaka ikapita, kila mmoja akisema moyoni mwake, aanze yeye.

Sasa, mtu wa dagaa haachi kusikiliza utabiri wa hali ya hewa. Mvua ikiwakuta dagaa chanjani, wameoza. Siku moja ya masika, baada ya adhuhuri, Mbaruku amekaa uani na mkewe, redio inaongea. Mtangazaji akasema: ukanda wa pwani, mawingu kiasi na vipindi virefu vya jua. Mabonde ya bara, mvua kubwa, mito inatarajiwa kufurika. Wanaoishi kando ya mito wahamie sehemu zilizoinuka.

Mbaruku akasema alhamdulillahi, akainuka kwenda kuanika.

Mkewe akamwita. "Baba Salma, ya bondeni hukuyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Basi mpigie mdogo wako."

"Hatibu ana redio. Na mto ule anaujua, kazaliwa pale."

"Hata wewe umezaliwa pale. Mpigie tu, mume wangu."

Mbaruku akatoa simu mfukoni. Akalitafuta jina, akaliona. Akalitazama mpaka kioo kikazimika. Kisha akairudisha mfukoni. "Akinipigia yeye, nitapokea," akasema, akaenda kwenye chanja zake.

Utabiri ulisema kweli. Pwani jua likawaka, dagaa wakakauka vizuri ajabu. Upande wa bara mbingu ilikuwa nyeusi tii. Halafu asubuhi moja Mbaruku akatoka, akaikuta bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mto wa bondeni ulikuwa umeshuka na mafuriko yake. Umeleta mashina ya mpunga, migomba mizima, ndoo, kiatu cha mtoto. Akasimama pale akiviangalia vitu vya kwao vikielea. Ndipo akapiga. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Alifika bondeni jioni, akimalizia kwa miguu, maana daraja lilikuwa limekwenda na maji. Akamkuta shemeji yake, mke wa Hatibu, kwenye darasa la shule iliyo mlimani, na watoto wote wazima. Hatibu alikuwa amewatoa mmoja mmoja, amewabeba mgongoni. Kisha akarudi kumfungua ng'ombe, na maji yakamchukua. Mwili ulipatikana chini huko kwenye matete. Mbaruku akamwosha mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe. Akamzika.

Baada ya maziko akaketi mbele ya shemeji yake, machozi yanamtoka. "Shemeji, nisamehe. Redio ilitangaza, nikasikia, nikanyamaza. Ningempigia kumpa habari, Hatibu angehama."

 Mjane akasema, "Habari tulikuwa nazo, Shemeji. Redio ile nasi tuliisikiliza."

"Mlijua?"

"Tulijua. Nikamwambia, baba, tufunge vitu twende pwani kwa kaka yako mpaka mvua zipite. Akaniambia, 'Nitamwendea vipi mtu aliyenigeuzia mgongo, na watoto wote hawa nyuma yangu? Ngoja kidogo. Kaka hakosi utabiri. Leo atapiga.' Akaiweka simu mkekani. Akasali nayo ipo mbele yake. Tulikaa tunaitazama, Shemeji, mpaka maji yakaingia uani."

Ndugu zangu, tumemsikia huyo mama?

Mbaruku alidhani kosa lake ni kunyima habari. Nani siku hizi anakosa habari? Mgonjwa anajua kwamba anaumwa. Aliyefukuzwa kazi anajua kwamba hana kazi. Dada yako aliyeachika anajua kwao ni wapi, ila hajui kama bado ni kwao. Sisi tunakaa tunasema, mlango wangu uko wazi, anajua pa kunipata. Uko wazi, sawa. Nani kamwambia?

Tunausikiliza utabiri wa upande wetu, tukisikia kwetu jua, tunainuka kwenda kuanika. Tunasahau kwamba tuliye naye damu moja yuko kwenye bonde. Tunamwombea, ndiyo. Tunamtaja kwenye dua, ndiyo. Namba yake tunayo, na hatupigi.

Shemeji na watoto wanaishi kwa Mbaruku sasa. Nyumba iliwatosha. Ilikuwa inawatosha siku zote, na hilo ndilo linalomla Mbaruku mpaka kesho.

Wapo humu wanaoniangalia hivi sasa, wanataka niamue nani alikosea kwenye kaburi la mama wa ndugu hao. Siamui. Kila mmoja wetu ana kaburi lake la namna hiyo, na kila mmoja ana haki yake juu yake. Kaeni nazo hizo haki, Mungu atazihukumu. Mimi nawaomba jambo moja. Tukimaliza swala, kabla hujavaa viatu, mtafute huyo uliyemkumbuka nilipokuwa ninasema. Usingoje aanze yeye. Usifungue kesi ya zamani. Akipokea, na wewe ukakosa la kusema, mwambie tu: "Njooni. Nafasi ipo."